Pima mzigo wa majani kabla ya kununua gunia la pumba: kumlisha ng'ombe wa maziwa Nyanda za Juu Kusini

Siku niliyoning'iniza mzigo wa majani kwenye mzani kwa mara ya kwanza, nilidhani mzani umeharibika. Kijana alikuwa ameubeba kichwani kutoka bondeni, jasho linamtiririka, na pale nyumbani sote tuliuita "mzigo wa ng'ombe mmoja kwa siku". Mshale ukasimama kwenye 31. Nikaushusha, nikaupandisha tena. 31. Ng'ombe wangu alihitaji zaidi ya mara mbili ya ule mzigo. Miaka miwili nzima nilikuwa nalaumu mbegu yake, mara nabadilisha duka la pumba, mara naongeza dawa ya minyoo, kumbe mnyama anashinda na njaa mbele ya macho yangu.

Ndiyo maana naandika. Nawaandikia wenye ng'ombe mmoja hadi watano bandani, Njombe, Makete, Mufindi, Rungwe, Mbozi, wenye Friziani au chotara anayetoa lita 5 au 6 wakati ana uwezo wa kutoa 12. Wengi tukiona maziwa yamepungua tunakimbilia dukani. Pumba zina kazi yake na nitazieleza, lakini haziwezi kuziba pengo la majani na maji. Kwa hiyo twende kwa mpangilio, na hatua ya kwanza haihitaji hela.

Hatua ya 1: Jua uzito wa ng'ombe wako

Usikisie. Chukua kamba ya katani, izungushe kifuani mwa ng'ombe nyuma tu ya miguu ya mbele, ikaze kiasi cha kulaza manyoya bila kumbana. Weka alama kwa kidole, kisha ilaze kamba kando ya futi ya fundi cherehani. (Futi yenyewe ina sentimita 150 tu, haitoshi kumzunguka ng'ombe mkubwa, ndiyo maana kamba.) Halafu pima urefu wake, kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio.

Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa 10,840. Jibu ni kilo. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa 150: 170 × 170 × 150 ni 4,335,000, gawa kwa 10,840, unapata kilo 400 hivi. Si sahihi kama mzani wa mnadani, lakini kwa kupanga chakula inatosha kabisa.

Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji chakula kikavu kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake kila siku. Kwa yule wa kilo 400 ni kilo 12. Hapo kwenye neno "kikavu" ndipo wengi tunapotelea. Majani mabichi yamejaa maji. Kilo 100 za mabingobingo yaliyokatwa masika, ukizikausha kabisa, zinabaki kilo 15 hadi 20. Kwa hiyo ukimlisha mabingobingo peke yake, kilo 12 za chakula kikavu ni mzigo wa kilo 60 hadi 80 kwa siku. Mashina ya migomba ni mabaya zaidi: kilo 100 hazitoi hata kilo 10. Ndugu zetu wa Rungwe wanaolisha migomba wakati wa shida wajue kwamba wanachompa ng'ombe kwa sehemu kubwa ni maji. Kama maji yanafaa. Kama chakula hayatoshi.

Nunua au azima mzani wa kuning'iniza. Pima mzigo wa asubuhi na wa jioni kwa siku tatu mfululizo, uandike. Na majani yanayobaki horini asubuhi yapime pia, uyatoe kwenye hesabu. Hori likikutwa tupu, limelambwa, ujue usiku ulikuwa mrefu kwake.

Hatua ya 2: Maji yawepo mchana na usiku

Maziwa kwa sehemu kubwa, kama asilimia 87, ni maji. Ng'ombe anayetoa lita 12 anahitaji lita 60 hadi 80 za maji kwa siku, na joto likizidi huenda akahitaji zaidi. Ndoo mbili asubuhi na mbili jioni ni lita 80 kwa hesabu, lakini hanywi zote kwa mkupuo. Ukiondoa ndoo, umemwondolea kinywaji chake cha saa sita na cha usiku. Jenga birika dogo la saruji au kata pipa la plastiki, liweke pale asipoweza kulimwagia mavi, na lisikauke.

Njombe na Makete tuna tatizo letu la Juni na Julai. Asubuhi maji yana baridi ya kuuma meno, wakati mwingine yamefunikwa na utando wa barafu, na ng'ombe anayagusa kwa pua tu kisha anaacha. Mpe maji mapya mara baada ya kumkamua, maana hapo ndipo ana kiu kuliko wakati wowote. Kama maji yako yanatoka kwenye tangi lililo juani, chota mchana. Mimi nilianza tu kumpa maji yasiyo baridi sana baada ya kumkamua na nikaona tofauti kwenye ndoo ya maziwa ndani ya wiki, bila kuongeza hata gramu ya pumba.

Safisha birika kila baada ya siku mbili tatu. Ukiwa huwezi kuyatia mdomoni maji yale, usitegemee atayanywa ya kutosha.

Hatua ya 3: Majani, na umri wa kuyakata

Mabingobingo yakifika kiunoni hadi kifuani mwa mtu mzima, yaani karibu mita moja, kata. Masika hiyo ni kila wiki 6 hadi 8. Najua kishawishi: yakiachwa yafike mita mbili na nusu, shamba linapendeza na mzigo unakuwa mkubwa. Lakini unakuwa umevuna miti. Shina limekomaa, protini imeshuka, na ng'ombe atachambua majani ya juu akuachie fito horini. Halafu utasema anachagua chakula. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10, na samadi irudi shambani baada ya kila mkato, maana mabingobingo hula rutuba kama mahindi. Shamba lisilowekewa samadi hukonda mwaka wa pili.

Katakata kwa panga au mashine, vipande vya sentimita 3 hadi 5. Majani yaliyokatwa asubuhi na umande, yaache yanyauke saa chache kabla ya kuyalisha. Yale machanga sana na yaliyolowa humjaza tumbo kabla hajapata chakula.

Usitegemee aina moja. Guatemala huvumilia ukame kuliko mabingobingo, ipande kwenye kingo za matuta. Majani ya Rhodes ni mazuri kwa hei, yaani majani yaliyokaushwa ya kuwekwa akiba. Na lazima uwe na mikunde, maana hapo ndipo unapopata protini bila kwenda dukani. Huku kwetu kwenye baridi, desmodiamu hustawi. Panda katikati ya mistari ya mabingobingo, itatambaa, itafunika ardhi na kupunguza magugu. Kaliandra ipande kama uzio. Lukina hupenda joto, waachie walio mabondeni.

Kuhusu kaliandra, kuna kipimo kilichotokana na utafiti wa Embu, Kenya, ambacho kinafaa kukumbukwa: kilo 3 za majani yake mabichi zinakaribia kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Ukitaka kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 kila siku mwaka mzima unahitaji miti 500 hivi. Inaonekana mingi, lakini mstari wa uzio wenye nafasi ya nusu mita ni mita 250 tu, na mara nyingi uzio huo upo tayari, umejaa miti isiyoliwa. Usikate kabla mti haujafikisha miezi 9 hadi 12, kisha kata kimo cha mita moja kutoka ardhini.

Sasa onyo ambalo kwa Njombe ya leo haliepukiki. Kila mtu amepanda parachichi. Tukipogoa, matawi yamelala chini mabichi, yanapendeza, na mtu anaona ni chakula cha bure. Usimpe. Majani ya parachichi yana sumu iitwayo persini ambayo huumiza tezi za maziwa. Kiwele huvimba, maziwa hukata, na unaweza kudhani ni ugonjwa wa kiwele ukaanza kumtibu kwa dawa zisizohusika. Ikizidi huathiri moyo. Matawi ya parachichi yafanye mboji au kuni.

Viazi pia ni vyetu. Vile vidogo visivyouzika vinaweza kumsaidia ng'ombe, lakini vikatekate kwanza. Kiazi kizima kikimkwama kooni gesi haina pa kutokea na anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Vilivyogeuka kijani au vilivyochipua usimpe. Anza na kilo 2, usipite kilo 8 kwa siku.

Hatua ya 4: Changanya pumba zako mwenyewe

Pumba za mahindi peke yake ni nguvu bila protini ya kutosha. Na zina fosforasi nyingi huku kalsiamu ikiwa kidogo, na maziwa yanahitaji kalsiamu kila siku. Mchanganyiko huu nimeutumia muda mrefu, kwa kilo 100:

- Pumba za mahindi: kilo 68
- Mashudu ya alizeti: kilo 28
- Madini ya ng'ombe wa maziwa: kilo 2
- Chokaa ya mifugo: kilo 1
- Chumvi: kilo 1

Unapata protini karibu asilimia 15, inayotosha kwa ng'ombe wa lita 10 hadi 15 mwenye majani mazuri. Mashudu yakipanda bei, usiyaondoe kwa hasira ukabaki na pumba tupu. Punguza mpaka kilo 20, ongeza pumba, kisha ongeza desmodiamu au kaliandra horini.

Tandika turubai. Madini, chokaa na chumvi vichanganye kwanza na kilo 5 za pumba kwenye beseni, kwa mkono, mpaka rangi iwe moja. Ukizimwaga moja kwa moja kwenye lundo, ng'ombe wa Jumatatu atakula chumvi yote na wa Ijumaa hatapata kitu. Kisha mwaga mashudu juu ya pumba, nyunyiza ule mchanganyiko wa beseni, geuza kwa chepe toka upande mmoja hadi mwingine mara nne. Mashudu yenye mabonge yapondeponde kabla.

Ingiza mkono kwenye gunia kabla ya kulipa. Pumba zikiwa na joto ndani, zimegandamana, au zina harufu ya ukungu, acha hapo hapo hata kama bei inavutia. Sumukuvu haionekani kwa macho, na ng'ombe akiila, sehemu yake hupita kwenye maziwa na kufika kwenye kikombe cha mtoto wako na wa mteja wako. Nyumbani, magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na stoo isivuje.

Na mlango wa stoo ufungwe kwa komeo la kweli. Mwaka mmoja wangu alikata kamba usiku, akasukuma mlango uliofungwa kwa waya, akala karibu nusu gunia. Asubuhi alikuwa amesimama kainamisha kichwa, hacheui, anaharisha kinyesi cha kijivu chenye harufu ya kuchacha. Daktari wa mifugo alimwokoa, lakini kwato zilimuuma miezi kadhaa, na maziwa ya uzao ule hayakurudi. Pumba nyingi kwa mkupuo hugeuka asidi tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo, hata kwa ulishaji wa kawaida, usimpe zaidi ya kilo 2 kwa mara moja. Akistahili kilo 5, zigawe mara tatu kwa siku, na awe ameshatafuna majani kidogo kabla.

Hatua ya 5: Gawa kwa maziwa, usigawe kwa huruma

Majani mazuri ya kutosha na maji vinaweza kumfikisha ng'ombe lita 5 hivi bila pumba. Kuanzia hapo, kila lita 2 zinazozidi, mpe kilo 1 ya mchanganyiko. Wa lita 12 amezidisha lita 7, basi kilo 3.5. Wa lita 16, kilo 5.5. Wa lita 5 ambaye tayari anakaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, hahitaji pumba nyingi, zitamnenepesha tu.

Kilo hizo zipime mara moja, kisha tengeneza kopo lako. Sado ya pumba na sado ya mahindi hazina uzito mmoja, na pumba za mashine hii si sawa na za ile. Jaza kopo lako kwa mchanganyiko wako, pima, chora mstari wa rangi kwenye kimo cha kilo 1. Hapo hata mtoto akilisha, analisha sawa.

Tuseme ng'ombe wa kilo 400 anayetoa lita 12 wakati wa masika. Siku yake inakuwa hivi: mabingobingo kilo 50, desmodiamu au kaliandra kilo 5, mchanganyiko kilo 3.5. Ukikokotoa kwa ukavu unapata kati ya kilo 12 na 13. Majani yagawe mara tatu au nne, na fungu kubwa liwe la usiku, wakati kumetulia.

Hatua ya 6: Miezi miwili kabla ya kuzaa na mitatu baada yake

Kama una nguvu ya kusimamia kipindi kimoja tu kwa makini katika mwaka wa ng'ombe, simamia hiki. Nimekaa sana na wafugaji wenzangu kwenye foleni ya kupeleka maziwa, na karibu kila anayelalamika kwamba ng'ombe "alianza vizuri kisha akakata" aliharibu hapa.

Mimba ni miezi 9 na siku kumi hivi. Ikibaki miezi 2, mkaushe hata kama bado anatoa lita 4. Wengi wanaumia roho kuziacha zile lita, lakini tezi za maziwa zinahitaji kupumzika na kujijenga upya, na ndama anakua kwa kasi sana mwishoni. Ondoa pumba siku chache, punguza kumkamua, kiwele kitapungua. Wakati huu mlishe majani ya kawaida na hei. Asinenepe wala asikonde: ukipapasa mbavu zake uzihisi chini ya ngozi yenye nyama kiasi, nyonga zisitokeze kama vibao.

Usimpe chokaa wala madini yenye kalsiamu nyingi katika wiki za mwisho, na lusini (alfalfa, mkunde wenye kalsiamu nyingi) pia iache. Inashangaza, lakini mwili ukizoea kupewa kalsiamu ya bure kutoka horini, unasahau kuitoa kwenye mifupa. Siku ya kuzaa, maziwa yanapoanza kwa ghafla, damu inabaki bila kalsiamu na ng'ombe anaanguka. Hiyo ndiyo homa ya maziwa, ingawa mwili haupati joto. Kwa kawaida hutokea ndani ya siku tatu za kuzaa: anayumba, analala, masikio ya baridi, shingo ameikunja ubavuni. Mwite daktari wa mifugo mara moja, maana sindano ya kalsiamu humwinua vizuri ikiwahi. Wakati unamsubiri, mweke alale kifudifudi, si kwa ubavu, na usimnyweshe chochote kwa chupa. Akiwa vile hamezi sawasawa, kitaingia mapafuni.

Wiki 3 kabla ya kuzaa anza kumpa mchanganyiko, ule usiotiwa chokaa wala madini yenye kalsiamu nyingi. Nusu kilo kwa siku, uongeze polepole hadi kilo 2 au 3 ifikapo siku ya kuzaa. Wadudu wa tumboni wanaosaga majani si wale wale wanaosaga pumba, na wanahitaji wiki mbili tatu kuzaliana. Ukimshtukizia kilo 5 siku ya pili baada ya kuzaa, tumbo halina wafanyakazi wa kuzipokea.

Akishazaa, rudi kwenye mchanganyiko wenye chokaa na uongeze nusu kilo kila baada ya siku mbili, ukiangalia daftari la maziwa. Maziwa yakipanda, endelea. Ukiongeza mara mbili na maziwa hayakusogea, rudi nyuma hatua moja, hapo ndipo uwezo wake ulipo. Kilele hufika wiki ya 6 hadi ya 8, lakini hamu yake ya kula hufika kileleni baadaye, wiki ya 10 hadi 12. Katikati hapo anakamua mwili wake mwenyewe, atakonda kidogo, na hilo ni la kawaida. Kazi yako ni kuhakikisha pengo halizidi. Majani yake ya wiki hizi yawe machanga kuliko yote uliyo nayo. Yale yaliyokomaa mpe mtamba.

Akikonda kupita kiasi, akikataa pumba huku majani anakula, na pumzi yake ikanukia utamu kama wa dawa ya kufutia rangi ya kucha, anachoma mafuta ya mwili kuliko anavyoweza kumudu; ita daktari. Na hata asipofika huko, ng'ombe aliyekonda sana haji kwenye joto. Ukitaka ndama kila mwaka anapaswa kupandishwa kati ya siku ya 60 na ya 90 hivi baada ya kuzaa, na njaa ya mwezi wa kwanza ndiyo inayokuletea "ng'ombe hashiki mimba" mwezi wa sita.

Hatua ya 7: Msome kila siku

Dakika tano, mara mbili kwa siku, mikono nyuma, unamtazama tu. Simama nyuma yake upande wa kushoto. Pale nyuma ya mbavu ya mwisho, mbele ya nyonga, kuna kibonde. Kikiwa kimezama kiasi cha kuingia ngumi, leo hajala vya kutosha, hata kama kijana anaapa kwamba amemlisha.

Akiwa amelala, hesabu anavyotafuna kila tonge analocheua. 50 hadi 70 ni vizuri. Yakiwa machache sana, majani ni machache au umeyakatakata mno, au pumba zimezidi. Kinyesi kianguke kama uji mzito, kitengeneze duara lenye miviringo. Kikiwa majimaji yenye povu, pumba zimezidi. Kikiwa mabonge makavu yaliyopangana, majani yamekomaa au maji hayatoshi, na mara nyingi ni maji.

Hatua ya 8: Kiangazi cha mwaka ujao kinaanza Machi

Huku kwetu mvua hukatika Mei na kurudi Novemba. Siku 150 hivi za majani machache, tena yenye baridi. Kununua hei Septemba ni kununua wakati kila mtu ananunua. Saileji, yaani malisho mabichi yaliyoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa, ndiyo jibu, na mahindi yanafaa kuliko mabingobingo.

Ng'ombe mmoja kilo 20 kwa siku, siku 150, ni kilo 3,000. Ongeza za kuharibika, panga kilo 3,500. Mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa vizuri hubeba kilo 500 au zaidi, kwa hiyo shimo la urefu wa mita 4.5, upana 1.5 na kina cha mita 1.1 linatosha. Nusu ekari ya mahindi yaliyostawi italijaza.

Chimba palipoinuka, maji ya mvua yasiingie. Kata mahindi, shina na gunzi pamoja, punje zikiwa zimepita hatua ya maziwa: ukiibonyeza kwa ukucha iwe kama donge la ugali, si maji wala si gumu. Katakata vipande vya sentimita 2 au 3. Tandika nailoni shimoni, jaza tabaka la sentimita 20, shindilia. Hapa usihurumie miguu. Watu wanne wakanyage, halafu pipa lililojaa maji lizungushwe juu, hasa pembeni, mpaka ukikanyaga mguu hauzami. Hewa ndiyo adui. Inapobaki, panaota ukungu. Maliza siku ile ile kama inawezekana, funika kwa nailoni, kisha udongo wa nusu mita wenye mgongo kama wa tuta, na mfereji kuzunguka. Ukitumia mabingobingo, yanyaushe kwanza na unyunyize molasi kilo 3 kwa kila kilo 100, ukiwa umeizimua kwa maji, kwa sababu hayana sukari ya kutosha kujichachusha.

Usifungue kabla ya siku 30. Saileji nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea njano na harufu ya kuchacha tamu, kama matunda yaliyoiva kupita. Ikinuka kama mavi au ikiwa nyeusi na utelezi, tupa sehemu hiyo. Fungua upande mmoja tu, toa kipande chote cha mbele kila siku kama unavyokata mkate, rudisha nailoni. Mlishe baada ya kukamua, si kabla, la sivyo harufu itaingia kwenye maziwa na mteja atarudisha. Saileji ya kilo 20 peke yake haishibishi. Ongeza hei, mabua ya mahindi na mchanganyiko mpaka ufikie zile kilo 12 kavu. Mabua yavunwe mara tu baada ya mahindi na yawekwe kivulini, maana yakiachwa shambani hadi Agosti jua linabakiza mti tu.

Mvua za kwanza za Novemba zikinyesha, majani yanachipua ndani ya siku chache na mtu anashangilia kwa kumjazia hori. Taratibu. Majani hayo ni laini, yamejaa maji, na tumbo lake limezoea vikavu kwa miezi mitano. Atahara. Mpe hei au mabua asubuhi kwanza, kisha majani mapya robo ya chakula kwa siku tatu nne, nusu kwa siku nyingine kama hizo, ukisogea hivyo hadi wiki mbili ziishe. Kwa hiyo ule mkia wa mwisho wa saileji usiulishe wote Oktoba. Bakiza wa wiki mbili hizo.